Mpaka Meno ya Mama Yafike

Jumatatu, tarehe 3

Daftari hili ni la hesabu, la darasa la tano. Nimelikuta leo chini ya godoro la mama nikitafuta kadi yake ya kliniki. Nusu ya mbele imejaa hesabu za kugawanya, nyingi zimepigwa mkasi mwekundu wa kukosa. Nusu ya nyuma ni nyeupe pee, maana hapo ndipo nilipoacha shule nikaenda kuuza maji ya kunywa. Kwenye ukurasa wa mwisho mwalimu kaandika: "Kazi haijaisha. Imalize." Mwalimu, samahani kwa kuchelewa. Naendelea.

Leo mama kang'olewa meno ya juu. Yote. Yalikuwa yamebaki saba, na hayo saba hayasikilizani. Ya chini yatafuata baada ya wiki tatu, kisha fizi zipone, kisha apewe meno ya bandia. Daktari wa meno kasema mpaka siku hiyo mama ale vitu laini, vya baridi au vuguvugu. Katupa karatasi ya maelekezo. Nimeisoma, nimeielewa, nimeibandika kwenye mlango wa friji kwa gundi ya karatasi, pembe zote nne, kama cheti.

Jioni kaja dada. Dada yangu ni fundi cherehani, na hata akiongea anakata kwa mkasi.

"Mama nakwenda naye kwangu."

"Ghorofa ya nne?" mama akasema, mkono mdomoni. "Nikae juu kule kama nguo ya kuanikwa?"

"Na hapa atakutunza nani? Nusunusu?"

Nusunusu ndiye mimi. Jina hili sikulinunua, nimelifanyia kazi. Ukuta wa sebule nimeupaka rangi ya bluu mpaka kiunoni, juu bado. Banda la kuku lina kuta tatu, kuku wanashangaa tu. Udereva nilijifunza nusu: kwenda mbele najua, kurudi nyuma hatukufika.

Basi dada katoa hukumu. Mama ana kilo hamsini na nne. Kila Ijumaa apimwe kliniki. "Daktari kasema akishuka chini ya hamsini ni hatari. Siku akishuka, anahamia kwangu. Sitaki maneno."

Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Mpango sina. Ninachojua ni kwamba mama ana dirisha lake la barabarani, miaka thelathini anakaa pale anasalimia, anakosoa, anapatanisha wagomvi. Mama bila dirisha lile ni redio bila betri. Na mimi bila mama kwenye dirisha, nikirudi jioni nitamwambia nani jinsi nilivyoibiwa au nilivyouza?

Jumanne, tarehe 4

Uji kakataa. Supu kakataa. Maziwa kaniangalia mpaka nikayanywa mimi.

Jumatano, tarehe 5

Joto. Maji ya kuoga yanatoka bombani yakiwa yameshachemka, unaokoa mkaa.

Mimi msimu huu nauza kofia na miwani ya jua. Natembea na kofia sita kichwani, moja juu ya nyingine, watu wananiona kutoka mbali kama mnara. Sanduku la miavuli liko chini ya kitanda linasubiri mvua. Sasa leo nikiwa chini ya kofia sita, jasho likinitiririka, likanijia wazo: kinywaji cha matunda na barafu! Laini, baridi, kina nguvu. Nikapita kwa fundi redio nikanunua blenda iliyotumika. Kaniapia haina tatizo. Haina kifuniko pia, lakini hilo hakuliapia.

Nikasaga nanasi, ndimu tatu na barafu. Nikaonja. Ulimi ukasimama ukapiga saluti. Nikatia kwenye bilauri ya wageni, nikampelekea mama kwa mikono miwili.

Kapiga funda moja.

Ndugu yangu unayesoma, ndimu kwenye fizi zenye vidonda saba. Mama wa miaka sabini na moja karuka kutoka kwenye kiti bila kushika popote. Taulo likanipata usoni, kandambili ikanipata mgongoni.

"Unataka kuniua," anasema, na kila s inatoka na filimbi, "si utumie panga kama watu wenye akili!"

Nanasi nimelinywa mimi. Lilikuwa zuri sana.

Ijumaa, tarehe 7

Hamsini na tatu. Nesi wa mizani kamwambia, "Mama, jitahidi kula." Mama kamjibu, "Kwa meno gani, unaniazima yako?"

Jumamosi, tarehe 8

Tikiti maji! Halina ukali, halina visa. Anayeuza matunda mbele ya dirisha letu, sisi tunamwita Mama Matikiti, kanipigia tikiti kwa vidole kama daktari anayepima kifua. "Hili," kasema, "ila toa mbegu zote. Moja ikizama kwenye fizi, mama yako atanifuata mimi, si wewe."

Nikakata vipande, nikatoa mbegu moja moja, nikavipanga kwenye sinia, nikavigandisha mpaka mchana. Nikasaga na maji kidogo na sukari. Blenda ilinung'unika, nikaiziba juu kwa sahani, kuta zikapata tu madoa machache. Nusu ya bluu haionyeshi.

Mama kaonja kwa ncha ya ulimi kama paka anayeogopa maziwa. Kaonja tena. Bilauri nzima kamaliza. Halafu katabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na pale juu hakuna kitu, mlango wazi. Nikacheka. Naye akacheka. Tukachekana mpaka Mama Matikiti akauliza nje kuna nini.

Jumanne, tarehe 11

Joto. Tikiti. Joto.

Alhamisi, tarehe 13

Blenda imekufa. Ilianza kunuka, ikatoa moshi, ikasema "ngrrr" mara moja, basi. Nimeirudisha kwa fundi redio. Kaniambia, "Lakini wiki nzima imefanya kazi, si ndiyo?" Mtu huyu angefaa kuwa wakili.

Ijumaa, tarehe 14

Hamsini na mbili. Dada kaja kliniki. Kaandika kwenye kijitabu anachoandikia vipimo vya nguo. Mama yangu kaandikwa katikati ya suruali ya mtu na gauni la mtu.

Jumamosi, tarehe 15

Mama kaniita dirishani. Kumbuka mama huyu alikuwa mpishi wa shule. Kapika sufuria ambazo mtu angeweza kuogelea ndani yake.

"Zamani hatukuwa na blenda," kasema. "Tulikuwa na uma na subira. Wewe uma unao."

Kanifundisha. Chemsha sukari na maji kidogo, acha ipoe. Saga tunda kwa mkono, lichuje. Changanya, tia chumvi kidogo, ile unayoshika kwa vidole viwili tu. Mimina kwenye trei pana, kina cha kidole, weka juu kwenye friza. Baada ya saa moja pembeni kumeanza kuganda. Hapo chukua uma, paruaparua, pembeni pote ulete katikati. Rudisha. Baada ya nusu saa, tena. Mara nne, mara tano, mpaka yote iwe chembechembe.

"Na usiondoke," kasema. "Ukiiacha nusu, unapata jiwe."

Nikaparua mara ya kwanza, vizuri. Ya pili, vizuri. Halafu nje kikapita kikundi cha watu, vichwa vipara vitatu kwenye jua kali. Mtu wa kofia ukiona vipara vitatu unafanyaje? Nikasema dakika tano.

Nimerudi baada ya saa mbili. Jiwe. Ungeweza kujengea ukuta wa nne wa banda la kuku. Nimelipiga kwa mchi, mchi ukarudi.

Mama kaliangalia, kaniangalia. Hakuniita Nusunusu. Kasema tu, "Basi, nitalala." Saa kumi na moja jioni, na jua bado kali.

Kandambili ya juzi haikuniuma hivi.

Jumapili, tarehe 16

Leo sikutoka. Nimeweka kigoda mbele ya friji, nikakaa. Kofia zote ukutani.

Kukaa ni kazi ngumu, sikujua. Nusu saa moja ina dakika nyingi kuliko zilizoandikwa. Mara ya kwanza nimeparua, mara ya pili, nikasikia tena nje mtu anauliza, "Yule wa kofia yuko wapi?" Miguu ikasimama yenyewe. Nikaikalia. Kwa kuwa niko pale, nikaanza kuongea na mama kupitia mlango, yeye dirishani, mimi kwenye friji. Kanieleza habari ambazo sijawahi kusikia: kwamba siku za joto pale shuleni aliwaparulia barafu hii watoto wagonjwa tu, na kwamba dada alikuwa anajifanya mgonjwa kila wiki. Dada! Yule yule wa "sitaki maneno"!

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa unaumwa nusu. Unaanza kukohoa, ukiona mpira unasahau."

Mara ya tano nikapitisha uma, na haikuwa tena maji wala jiwe. Ilikuwa kama mchanga laini wa tikiti, inang'aa. Ukiweka ulimini inakaa kidogo, inafikiri, inayeyuka. Mama kala bakuli mbili kwa kijiko. Kabla ya kijiko cha mwisho kafumba macho.

"Chumvi imezidi kidogo," kasema. Kwa mama hiyo ni medali.

Jumatano, tarehe 19

Nimemnunulia mirija ya rangi, nyekundu na njano, ile yenye shingo ya kukunja. Ya embe nikaiacha iyeyuke kidogo, ikawa ya kunywa. Mama kakaa dirishani na miwani yangu ya jua na mrija mdomoni, kama mtalii aliyelipia. Watu wanapita wanasema, "Mama, maisha yamekukubali!" Anawapungia mkono. Kofia zimeuzika nne kwa sababu yake.

Ijumaa, tarehe 21

HAMSINI NA MBILI NA NUSU. Imepanda! Nikamkumbatia nesi. Nesi kasema wagonjwa wengine wanasubiri.

Dada kaandika, kaufunga ule mkasi wake wa mdomo. Bado anaonekana kama mtu anayesubiri uzi ukatike.

Jumatatu, tarehe 24

Meno ya chini yametoka, tisa. Sasa mama ni kibogoyo kamili, kashahitimu. Kajiangalia kwenye kioo kwa muda, kasema, "Angalau sasa juu na chini wamepatana."

Jumatano, tarehe 26

Hesabu za darasa la tano zilikuwa na mwandiko mzuri kuliko huu wa leo.

Mchana nilitengeneza ya embe. Sikuharakisha, sikuondoka, nimeparua mara tano kama ilivyo sheria. Nikaiacha ilegee, nikaweka mrija mwekundu, kama wiki iliyopita, maana aliufurahia. Ilikuwa nzito. Mama akavuta kwa nguvu, mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena.

Kisha kaniita, si kwa kelele. "Hebu njoo uone, embe hili limekuwaje?"

Embe lilikuwa jekundu. Mwanzoni nikadhani ni mrija umetoa rangi. Halafu nikaona kidevu chake.

Nikakunja kitambaa, nikamwambia ang'ate. Ang'ate kwa meno gani? Nikakishika mimi kwa vidole. Mama Matikiti kaacha matikiti yake barabarani, kasimamisha teksi kwa kusimama mbele yake. Njiani mama kanishika mkono, na mimi mtu wa utani, nikatafuta utani mmoja, mmoja tu, sikuupata.

Daktari wa meno kaweka pamba, kabonyeza, kangoja. Damu ikasimama. Hapo ndipo akageuka.

"Kuna mtu kampa mrija?"

"Mimi," nikasema.

"Ukivuta, vidonda vinafunguka. Tumeandika kwenye karatasi."

"Daktari, ile karatasi nimeisoma neno kwa neno. Iko kwenye friji, naiona kila siku."

"Na upande wa pili?"

Nyuma yangu dada alikuwa ameshafika, uzi bado begani, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amesikia.

Tuliporudi nyumbani nikabandua karatasi kwenye friji, pembe zote nne. Nyuma kulikuwa na mistari minane. Wiki tatu nzima ilikuwa inausomea mlango wa friji. Mstari wa kwanza kabisa: "Usitumie mrija kwa siku kumi baada ya kung'olewa." Dada kaisoma yote kwa sauti, mistari minane, taratibu, bila kukaripia. Bora angekaripia.

"Umeisoma nusu," kasema.

Mara zote nikiitwa jina lile nacheka. Leo halikuwa jina.

Alhamisi, tarehe 27

Mama anaendelea vizuri lakini kavimba na hataki kitu. Vijiko vitatu. Nimevihesabu.

Ijumaa, tarehe 28

Asubuhi mama kavaa gauni lake pana, lile lenye mifuko mikubwa. Nikamwambia ni zito kwa joto hili. Kasema ana baridi. Baridi! Leo ambapo lami barabarani imelegea!

Kapanda mizani. Hamsini na nusu. Nikaanza kupumua. Nesi kaangalia mizani, kamwangalia mama, kasema, "Mama yangu, hebu toa vya mfukoni."

"Havikuhusu," mama kasema.

Katoa kufuli la mlango wa nyuma. Katoa kufuli la banda la kuku. Katoa jiwe ninalozuilia mlango. Nesi kageuka kucheka ukutani, mabega yanaruka. Mimi pia nilicheka, lakini machozi yalikuwa ya aina nyingine, maana nilielewa jinsi anavyotaka kukaa.

Arobaini na tisa na nusu.

Dada hakucheka. Kayabeba makufuli na jiwe kwenye mkoba wake, akamshika mama mkono. "Tulikubaliana," kaniambia. Na kweli tulikubaliana.

Jioni mama kaondoka na begi moja. Kabla ya kupanda teksi kamwambia Mama Matikiti, "Niangalizie." Nilidhani anasema dirisha. Mama Matikiti anasema alimaanisha mimi.

Jumamosi, tarehe 29

Watu wanapita wanasalimia dirisha. Halijibu.

Jumapili, tarehe 30

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Papai, sukari iliyochemshwa, chumvi ya vidole viwili. Nimekaa kwenye kigoda, nimeparua mara tano. Nimeijaza kwenye chupa ya chai, ile inayotunza moto; leo nimeiambia itunze baridi. Nikaizungushia taulo, nikavuka mji kwa miguu, kofia moja tu kichwani, ya kwangu.

Ghorofa ya nne. Ngazi sabini na mbili, nimezihesabu, kila moja ina jasho langu.

Dada kafungua. "Umekuja kufanya nini?"

"Kazi haijaisha," nikamwambia.

Kaiangalia chupa, kasogea mlangoni nipite.

Mama alikuwa kwenye kiti katikati ya vitambaa, anaangalia ukuta wa ghorofa ya jirani. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Vijiko kumi na tano. Mrija sikuutaja hata kwa jina.

Jumatatu, tarehe 31

Nimepeleka.

Jumanne, tarehe 1

Mwezi mpya, joto lile lile. Nimepeleka. Embe. Vijiko kumi na nane.

Jumatano, tarehe 2

Nimepeleka. Ngazi ni sabini na mbili bado, nilitumaini zitapungua.

Alhamisi, tarehe 3

Dada kachelewa kufungua. Nilipoingia nikafungua friza yake kutafuta nafasi ya chupa. Ndani nikakuta trei. Tikiti. Nikaigonga kwa kidole: jiwe!

Nikamgeukia. Fundi cherehani mkubwa, mama wa watoto watatu, kasimama jikoni na uma mkononi kama mwizi wa uma.

"Alikuja mteja wa gauni la harusi," kasema. "Nikasema dakika tano."

Sikusema chochote. Nakuapia, sikusema chochote! Lakini midomo yangu haikuweza kutulia, na yake haikuweza, tukajikuta tumeegemea friza tunacheka kama zamani tulipoiba sukari. Chumbani mama anapiga kelele, "Kuna nini huko? Leteni na mimi nicheke, kucheka hakuhitaji meno!"

Baadaye kaniambia kwa chini. Anapotengeneza yeye, mama anakataa, anasema haina mkono. Na kwamba nyumba ile, tangu watoto waende masomoni na shemeji akawa na lori lake safarini mwezi mzima, jioni akizima cherehani anasikia saa ya ukutani. "Nilidhani mama akija saa itanyamaza," kasema. "Lakini mama anasikiliza saa pamoja na mimi."

Mimi siku zote nilidhani dada hana shida, ana amri tu.

Ijumaa, tarehe 4

Hamsini na nusu. Mifuko imekaguliwa kabla. Mama kasema kunyanyaswa gani huku.

Jumatatu, tarehe 7

Nimepeleka. Dada kanisubiri na kigoda, kasema nimfundishe. Tumeparua pamoja, kwa zamu. Ananiangalia mkono kama anavyoangalia mshono. "Unajua kweli," kasema, kama mtu aliyekuta pesa kwenye koti la zamani.

Ijumaa, tarehe 11

Hamsini na moja na nusu. Nikamwambia daktari wa meno, tuliyekutana naye mlangoni, kwamba sasa tuko mbali na ile hamsini ya hatari.

"Hamsini ipi?" kauliza.

Nikamwangalia dada. Dada kaangalia kitasa cha mlango.

"Hakuna aliyesema hamsini," daktari kasema. "Tulisema tu asipungue sana." Kaenda zake.

Tukasimama kwenye ujia ule wa kliniki, mama katikati yetu, anatuangalia mmoja mmoja kama mtazamaji wa mpira wa meza.

"Niliitunga," dada kasema. "Nilitaka aje." Halafu, kwa kuwa ni dada: "Lakini mrija sikuutunga mimi."

"Hapana. Huo ni wangu."

"Mmemaliza?" mama kauliza. "Basi mmoja kasoma nusu, mwingine kaongeza nusu. Watoto wangu mmekamilika. Sasa nipelekeni kwenye dirisha langu kabla Mama Matikiti hajauza mji wote."

Jumamosi, tarehe 12

Mama karudi! Barabara nzima imepiga makofi. Dada kaja naye, na nyuma ya teksi kulikuwa na cherehani. Eti kwa wiki moja tu, amalizie gauni la harusi kwenye hewa nzuri. Kaiweka sebuleni, kauangalia ukuta wa bluu nusu, kasema hawezi kushona mbele ya kitu kama kile.

Jumapili, tarehe 13

Nimemaliza ukuta. Wote. Mpaka darini.

Jumatano, tarehe 16

Pasheni imechujwa mara tatu, maana mbegu. Fizi zimekauka, haziwashi tena. Mama kasema "sukari" bila filimbi, ingawa imemchukua muda.

Jumatatu, tarehe 21

Wiki moja ya dada imepita. Hakuna aliyeitaja.

Ijumaa, tarehe 25

Hamsini na tatu na nusu. Tulipotoka kliniki tone moja likadondoka kwenye kofia yangu, la pili kwenye pua ya mama, halafu mbingu yote ikamwagika. Watu wanakimbia huku na huku. Mimi nimekimbia pia, kwenda nyumbani, chini ya kitanda, kwenye sanduku la miavuli. Kufikia adhuhuri imebaki miwili: mmoja wa mama, mmoja una tundu, huo wa kwangu.

Jumatano, tarehe 30

Mvua. Friji imepumzika. Mama katutangazia hapumziki yeye: kaagiza embe.

Alhamisi, tarehe 8

Meno yamefika!

Daktari kayaweka, kayasawazisha, kampa mama kioo. Mama kajitazama kulia, kajitazama kushoto. Katabasamu kwa yule wa kwenye kioo kama watu waliopotezana miaka. Kisha kayagonganisha: ka, ka. Kapima sauti.

Tukapewa karatasi mpya. Hii sikuibandika. Nimeisoma mle mle kliniki, mbele, nikaigeuza, nikasoma nyuma, nikaigeuza tena kuhakikisha hakuna upande wa tatu. Nikairudia teksini kwa sauti. Dereva sasa anajua kutunza meno ya bandia kuliko ya kwake.

Nyumbani mezani tulikuwa tumepanga. Dada kaleta mkate laini. Mimi nimenunua nyama, nimeichemsha mpaka ikasahau ilikuwa nyama. Mama Matikiti kaleta ndizi mbivu na kiti chake. Miezi miwili mama hajatafuna. Tukasimama tunamtazama kama mwamuzi.

Mama kaangalia nyama, kaangalia mkate, kasukuma sahani.

"Nipeni barafu," kasema.

"Tutengeneze? Ya embe ipo..." nikamwambia.

"Si ya kuparua. Barafu, yenyewe, kipande. Nimekunywa maji ya barafu miezi miwili kama kifaranga. Leo nataka niisikie." Na kabla hatujageuka kafungua friza mwenyewe, kachukua kipande kikubwa kama sanduku la kiberiti, kakiweka katikati ya meno mapya.

"Mama!" nikapiga kelele mpaka cherehani ikatingishika. "Upande wa pili! Mstari wa mwisho! Usitafune vitu vigumu, mfano barafu!"

Mama kaganda, kipande mdomoni. Dada kaninyang'anya karatasi, kaigeuza, kapitisha kidole mpaka chini kabisa. Kidole kikasimama.

"Kweli ipo," kasema polepole. "Mstari wa mwisho kabisa."

Mama kakitema kipande kiganjani. Kaniangalia, muda mrefu, namna anavyomwangalia mtu barabarani anayedhani anamfahamu. Kisha kaninyooshea trei.

"Basi iparue," kasema. "Na usiondoke."

Kurasa zimeisha, haya naandika ndani ya jalada, kwenye jedwali la kuzidisha. Niko kwenye kigoda, daftari gotini, uma mkono wa pili. Nimeparua mara nne. Nje mtu ananiulizia mwavuli, na mama anamjibu dirishani, meno yote yakilia: "Ana kazi. Rudi baada ya nusu saa."